Mke wa Kuokota Njiani

Mimi si mtu wa kusamehe. Nalisema mapema ili msomaji asikae akinisubiri huko mwisho akidhani nitalainika. Kuna watu ambao hasira yao huchemka, ikamwagika, na jioni wanakula sahani moja na yule yule waliyemtukana asubuhi. Yangu haimwagiki. Naifunika, naiweka mahali pake, na siku nikiihitaji naikuta ingali moto.

Kazi yangu ni kupiga picha kwenye msikiti mkubwa wa kilima cha Old Kampala. Sikuajiriwa na msikiti; nimeruhusiwa tu kufanyia kazi uwanjani, na kitambulisho changu navaa shingoni. Wageni wanatoka Kenya, Tanzania, Kongo, Ulaya, na wote wanataka kitu kimoja: wao na mnara ndani ya picha moja, na sura zao zionekane. Sasa mnara ni mrefu na binadamu ni mfupi. Ukimsogelea binadamu, mnara unakatika kiunoni. Ukirudi nyuma upate mnara wote, binadamu anakuwa nukta. Dawa yake ni kulala chini. Nalala kifudifudi kwenye sakafu ya uwanja, kidevu kikigusa mawe, kamera ikitazama juu, na mgeni amesimama mbele yangu kama anayetaka kunikanyaga. Watu hunicheka. Nimechakaza mabaibui mengi kwenye viwiko, lakini mnara wangu huwa mzima na mgeni wangu huwa na uso.

Kabla ya picha kuna shughuli ya nguo. Mwanamke ambaye hakujisitiri huazimwa sketi ndefu na mtandio kwenye ofisi ya wageni, akafungwa vizuri na akina mama wa pale. Siku za wageni wengi mmoja wao, Mganda mwenye roho nyepesi, huniita kwa Kiswahili chake cha Kiganda na "bambi" yake ya kubembeleza: "Dada, njoo saidia, reo wageni iko mingi, bambi!" Natundika kamera begani na kuanza kufunga mitandio. Wanaume hawana kazi hiyo. Suruali ndefu inatosha, kwa hiyo wao hutangulia nje na mwongozaji wao, huku wake zao wakibaki nasi wakizungushiwa vitambaa.

Mwongozaji ninayetaka kumsema ni Mkenya wa magharibi. Alikuja Kampala kuuza simu katika duka moja la Kabalagala, akaona utalii una uhai zaidi, akapata gari dogo la kubebea wageni. Kazi yake ikawa kuwapokea Wakenya wenzake: kwaya za kanisa, walimu wastaafu, akina mama wa vyama. Ni Mkristo, ana sauti ya kuimbia, na akianza kusimulia hata wapita njia husimama. Tulifanya kazi pamoja miaka kadhaa. Yeye akileta wageni, mimi nalala chini. Alikuwa akiwaambia, "Huyu dada ndiye kusema. Hapa kilimani hakuna kama yeye." Kusema kweli nilimpenda, kama unavyompenda mwenzako wa kazini anayekuvunja mbavu asubuhi ukiwa bado na usingizi.

Historia ya kilima aliijua. Alianza na wanyama, swala waliokuwa wakilishwa hapo zamani za wafalme. Akaja kwa kapteni Mwingereza aliyejenga boma lake la udongo juu ya kilima, kisha akaenda magharibi kuleta askari wa Kisudani walioachwa huko na jeshi lililokwisha. Hao ndio Wanubi. Kisha akaruka hadi kwa rais mwanajeshi, msikiti ulipoanza kujengwa, na miaka mingi ulivyosimama gofu baada ya rais huyo kupinduliwa, mnara wa kwanza ukiwa umeachwa njiani mpaka ukabomolewa, ukajengwa huu wa sasa. Alisimulia vizuri. Ila pale katikati, kwa hao askari, alikuwa na kichekesho chake.

"Sasa hawa Wanubi," angesema, "mzungu alikuwa anawalipa merikani. Si pesa, kitambaa! Siku moja akamwuliza askari mmoja: kitambaa nimekupa, bunduki nimekupa, na mke je, nani alikupa? Askari akapiga saluti: 'Afande, mke mimi naokota njiani!'"

Hapo anainama, anaokota, anatia kwapani kama mzigo wa kuni. Watu wanacheka mpaka wanashikana mabega.

Mimi ni Mnubi. Yeye hakujua. Aliniona na baibui jeusi kama Waislamu wengine wa mjini, akanisikia nikiongea Kiganda na akina mama wa ofisini, akafunga hesabu. Kwake yeye Mnubi ni yule wa Kibera aliyepata kumwona Nairobi, au mzee fulani wa Bombo mwenye kanzu. Haikumpitia akilini kwamba Mnubi anaweza kuwa amelala chini miguuni pake na kamera. Nami sikumwambia, kwa sababu kazini ni kazini. Nilimeza. Lakini kumeza si kusahau.

Kwa nini kiliniuma zaidi ya vichekesho vingine? Kwa sababu mke huyo wa kuokotwa njiani ni wetu.

Bibi yangu mzaa baba, haboba kama tunavyosema sisi Wanubi, alilelewa na bibi yake, na huyo bibi yake ndiye aliyeletwa kilimani. Hakuwa Mnubi wala Msudani. Alikuwa msichana wa magharibi, karibu na ziwa, aliyekamatwa na msafara ulipopita kwao. Alipewa jina jipya, dini mpya, lugha mpya na mume. Jina alilopewa na mama yake hakuna anayelijua tena. Haboba alimkuta akiwa kikongwe, akalala mkekani pamoja naye, akasikia kutoka kinywani mwake kwamba walipofika juu ya kilima askari walitua mizigo, na ndipo yeye alipojua kwamba hawatarudi.

Maisha yake yote haboba hakuwahi kupanda kile kilima. Ujana wake kulikuwa na nyumba za Wahindi na hakuwa na la kwenda kufanya huko. Baadaye kukawa na ujenzi wa wanajeshi. Kisha vita vikaja, rais akakimbia, na Wanubi tukawa tunatafutwa nyumba hadi nyumba kana kwamba kila mmoja wetu alikuwa ameshika bunduki yake. Familia ilikimbilia Kenya, na ndiko mimi nilikosomea. Waliporudi na kupanga nyumba Kawempe, haboba alikuwa amejifunza kuwa mtu asiyeonekana. Ilikuwa uzeeni kabisa, mguu wake umeshashughulikiwa hospitali ya Mulago na bado unagoma, ndipo aliponiambia, "Wewe unawapiga watu wa dunia nzima pale juu. Nipige na mimi. Nataka nisimame alipotuliwa bibi yangu, nionekane."

Hakuwa mtu wa kuomba vitu. Hilo ndilo ombi pekee ninalokumbuka kutoka kwake, na niliapa nitalitimiza.

Nilimleta asubuhi. Alivaa gurbaba, ile nguo yetu ndefu ya kujizungushia hadi kichwani, ya rangi ya zambarau, iliyofukizwa udi tangu jana yake. Nilimketisha kwenye kiti cha plastiki kivulini tusubiri jua, maana ukipiga kutoka chini na jua liko nyuma ya mnara, uso unakuwa mweusi kama sufuria. Alikuwa ameshika mkongojo kwa mikono miwili na anatazama juu, mdomo wazi kidogo. Sikuwahi kumwona akiwa na furaha ya namna ile.

Mwongozaji akatokea na kundi lake. Akaona kivuli, akawasimamisha hapo hapo, hatua chache kutoka kwa kiti cha haboba. Akanipungia mkono. Akaanza: swala, wafalme, kapteni, boma. Mimi nikajua kinachokuja. Nilitaka kusimama kati yao, nilitaka kuangusha kamera, nilitaka mvua inyeshe. Lakini haboba alikuwa ameinua sikio, akisikiliza kwa makini kama mtoto wa shule, kwa sababu habari zilikuwa zinawakaribia watu wake. Kiswahili anakijua, mume wake alikuwa askari na alikaa kambini nusu ya maisha yake.

"Afande, mke mimi naokota njiani!"

Akainama, akaokota, akatia kwapani. Kundi zima likaangua kicheko. Mama mmoja alicheka mpaka akajifuta machozi kwa mtandio wa kuazima.

Haboba aliivuta gurbaba taratibu mpaka ikafunika uso.

Walipoondoka nikapiga magoti mbele yake. "Haboba, jua limekaa vizuri sasa."

"Leo sina uso," alisema kutoka ndani ya kitambaa. "Nirudishe nyumbani."

Tulirudi kwa gari la kukodi. Nilipomvua viatu aliniambia, "Usimjibu yule mtu." Nikasema sitamjibu. Na sikumjibu. Kuna njia nyingi za kumshughulikia mtu bila kufungua mdomo.

Ya kwanza ilinijia yenyewe. Mwezi huo huo mwongozaji alitaka picha ya kubandika nyuma ya gari lake: yeye, mnara, na mkono ulionyooshwa kuwakaribisha wageni. Akaja kwangu, bila shaka. Nikamvika kilemba cha ukoka. Nilimwambia ana sura ya waziri, ana mabega ya picha, sogea kidogo kushoto, inua kidevu. Kisha nikalala chini chini kabisa, nikamweka mahali ambapo mpiga picha yeyote hamweki mtu. Mnara ukamwota utosini. Kwenye kioo kidogo cha kamera huoni kitu. Kwenye bango la ukubwa wa mlango, huyo hapo, mtu mwenye pua kama mapango mawili na pembe moja ndefu hadi mawinguni. Nilienda nyumbani nimeridhika kuliko siku ya harusi yangu.

Basi gari likatoka na bango lake, na mji mzima ukacheka. Wakawa wanamwita Mnara. Waendesha bodaboda wa Kabalagala wakampigia honi. Nami nikasubiri aibu imwue. Haikumwua. Wageni walishuka mpakani wakiuliza, "Yuko wapi yule mwenye mnara kichwani?" Akapata kazi maradufu. Akaninunulia soda. "Dada, ile picha yako imenifungulia njia!" alisema, nami nikainywa ile soda kama dawa ya minyoo.

Hapo nikajua kwamba kumchezea sura ni kumpaka mafuta kwa mgongo wa chupa, halafu mafuta yenyewe yakamkolea. Nilihitaji kitu chake anachokipenda. Na alichokipenda kuliko vyote ni kicheko cha watu.

Nikaanza kwenda ofisi ya wageni bila kuitwa. Yule mama Mganda alifurahi: "Dada, wewe siku hizi iko na bidii!" Bidii nilikuwa nayo. Wakenya waliposhuka garini, wanaume wakatangulia na mwongozaji, na wanawake wakaja mikononi mwangu. Niliwafunga mmoja mmoja, polepole, na nikiwafunga niliwauliza habari za nyumbani.

"Una mabinti, mama?"

"Niko nao wawili."

"Wa kwanza ana umri gani?"

"Amejiunga na sekondari juzi."

"Basi alikuwa wa umri huo huo," nilisema, nikibana pini chini ya kidevu chake. Akaniuliza nani. Nikamweleza: msichana aliyetembezwa kutoka ziwani akiwa katikati ya askari, mpaka juu ya kilima hiki, akapewa kwa mtu asiyemjua. Bibi yake bibi yangu. Sikulia, sikupandisha sauti. Nilimwambia kama unavyomwambia mtu kwamba vyoo viko upande ule. "Karibu sana," nikamalizia. "Picha tutapiga uwanjani."

Kisha nikatoka na kamera, nikalala mahali pangu, nikamsubiri mwongozaji afike kwenye merikani.

Mara ya kwanza wanaume walicheka, wakageuka kuwatazama wake zao, na kicheko kikafa kama moto uliomwagiwa maji. Wanawake walikuwa wamesimama na mitandio yao, wanamtazama tu. Yeye akadhani hawakusikia. Akarudia kwa sauti, akainama zaidi. Mama mmoja akasema polepole, "Haya, endelea na mengine." Mimi nilibonyeza. Ninayo mpaka leo ile picha: mtu ameinama nusu, mkono uko kwapani, na macho yanauliza ni nini kimetokea.

Nikafanya hivyo kundi baada ya kundi. Kwaya, walimu, chama cha akina mama wauza nguo. Kila mara kimya. Alibadilisha maneno, akaweka lafudhi, akaongeza mbuzi kwenye kisa, kimya. Alianza kutoka jasho kabla ya kufika hapo. Jioni nikielekea Kawempe nilikuwa nikizitazama zile picha kwenye simu moja moja, polepole, kama mtu anayekula karanga.

Siku moja alikuja kukaa karibu nami ukingoni mwa uwanja, amechoka.

"Dada, kwani wanawake wa siku hizi wako na nini?"

"Labda ni joto," nikasema.

"Joto gani na mvua ilikuwa inanyesha?"

"Basi ni mvua."

Alitikisa kichwa. Alikuwa amekonda kidogo, na hilo pia lilinifurahisha.

Aliyenikatiza utamu alikuwa mwalimu mstaafu wa kutoka Nakuru, mama wa miwani, ambaye hakuwa na subira ya kunyamaza tu na kutazama. Mwongozaji alipofika kwenye "Afande," yule mama akamkata: "Kijana, hebu acha. Huyo unayemwokota ni bibi wa mpiga picha wako." Akaninyooshea kidole pale nilipolala.

Wote wakageuka. Yeye pia. Mimi nilikuwa na jicho kwenye kamera, na nilimwona uso wake ukijaa kwenye fremu, mkubwa, hauna pa kwenda. Nikabonyeza. Nilikuwa na maneno yangu tayari, niliyoyanoa miezi mingi. Nilingoja tu anikasirikie ili nimpatie yote. Hakukasirika. Aliwaambia wageni wapande mnarani. Hakunisemesha siku ile wala siku zilizofuata. Nikajua nimemmaliza.

Jumapili moja baada ya ibada yao nikasikia mlango ukigongwa Kawempe. Alikuwa yeye, na suti ya kanisani, ameshika mfuko wa sukari, mkate na sabuni. Yule mama wa ofisini ndiye aliyemsimulia habari za haboba na kumwelekeza, na siku hiyo hiyo nikamwekea naye kiporo chake.

"Unataka nini?"

"Nimekuja kumwona nyanya."

"Nyanya ziko sokoni," nikasema, nikaanza kufunga.

Lakini haboba alikuwa sebuleni, na masikio yake hayakuzeeka. Sauti ile aliijua. "Mwache aingie," aliniambia kwa Kinubi.

Aliingia, akavua viatu, akakataa kiti, akakaa mkekani na suti yake. Nilibaki nimesimama, mikono nimeikunja, nataka kuona. Alisema, "Nyanya, nilikosea. Ile hadithi nilipewa na mwongozaji mwingine, nikaona inachekesha. Sikuwahi kufikiria kwamba ni mtu. Na siku ile wewe ulikuwa hapo, sikujua. Nimekuja kuomba msamaha."

Haboba alimtazama kuanzia soksi hadi kola ya suti. Mimi nilikuwa nikiomba kimoyomoyo: mvue ngozi, haboba, mvue ngozi.

"Wewe nakuja na gari?" alimwuliza, kwa Kiswahili chake cha kambini.

"Ndiyo, nyanya."

"Iko na mafuta?"

"Iko."

"Basi mimi navaa nguo. Twende."

Alivaa ile gurbaba ya zambarau. Nilichukua kamera, na kwa sababu mikono yangu ilikuwa na mzigo, mwongozaji ndiye aliyempa haboba mkono kutoka mlangoni hadi garini, na kutoka garini hadi uwanjani. Nilimtolea kiti cha plastiki, akakikataa. Alitaka asimame. Kulikuwa na wageni wengine wamezagaa, familia za kutoka Kisumu na vijana wa Kongo, na walipomwona kikongwe amevaa vile wakasogea.

"Sema," haboba alimwambia. "Ile yako ya askari."

"Nyanya, tafadhali."

"Sema. Lakini sasa naweka mwanamke ndani."

Akaanza. Sauti ile ya kwaya haikuwepo. Alisema askari waliletwa kutoka magharibi, walilipwa merikani, na njiani walichukua wanawake.

"Hapana njiani," alisema haboba. "Kwa mto. Yeye alikuwa nachota maji."

"Alikuwa mtoni anachota maji," akasema mwongozaji, kwa sauti ya watu wote.

"Na dada yake."

"Alikuwa na dada yake."

"Dada nakimbia. Yeye nashikwa, sababu hakutaka kuacha mutungi ya mama yake."

Alishindwa kulirudia hilo. Aliangalia chini, akajaribu tena, na mara ya pili likatoka. Mimi pia nilikuwa nalisikia kwa mara ya kwanza. Miaka yote hiyo nimekaa na haboba, nimewafunga wanawake wa watu mitandio nikiwasimulia, na sikujua kuhusu dada wala mtungi. Habari hiyo alikuwa amemwekea mtu mwingine, na mtu mwenyewe ndiye huyu. Niliona wivu mkali mpaka kamera ikanilemea.

Mwanamke mmoja wa Kisumu alimwuliza haboba kama yule msichana alilia alipofika hapa juu.

"Sijui," alisema haboba. "Mimi nilikuwa mutoto. Mimi alinipa njugu tu."

Kisha akanitazama. Jua lilikuwa limekaa vizuri. "Piga," alisema.

Nikamwambia mwongozaji, "Toka kwenye picha." Akaanza kuuchomoa mkono wake, lakini haboba akaukamata kwa mikono miwili, mguu ukiwa unamyumba. "Kaa," akamwambia. Nikalala chini. Nilipiga nyingi, nikijiviringisha kushoto na kulia, nikitafuta upande ambao mwongozaji angejificha. Haukupatikana. Haboba alikuwa amesimama wima, kitambaa kimeanguka mabegani, uso wote nje, anacheka na meno yake machache, na nyuma yake mnara mzima hadi ncha. Nilipomwomba tupige moja akiwa peke yake, akasema amechoka, turudi.

Garini alinibana paja, akaninong'oneza kwa Kinubi, "Umeona? Kila akipanda kile kilima sasa, atanibeba."

"Haitoshi," nikasema.

Alicheka. "Kwako wewe haitoshi."

Haboba alifariki mvua zilipoanza, nyumbani, akiwa amelala. Tulimzika Bombo kwa Wanubi wenzetu, na tuliporudi Kawempe kuketi matanga, shangazi zangu wakataka picha kubwa ya kuweka ukutani. Kwenye picha nyingine nilizokuwa nazo alikuwa mgonjwa au ameinama. Iliyofaa ilikuwa ni ile ya uwanjani.

Nilikaa mbele ya kompyuta kumwondoa yule mtu. Ni kazi ninayoijua. Nimewaondoa waume walioachwa, shemeji walevi, hata ng'ombe. Nilikata fremu karibu na bega la haboba, nikapoteza mkono wake. Nikarudisha, nikamfuta yeye mmoja kwa uangalifu, kichwa, kifua, suti, kiwiko, nikajaza mawe ya uwanja pale alipokuwa. Nilipomaliza, haboba alikuwa amesimama peke yake, ameegemea upande, mikono yake miwili imekumbatia hewa. Alionekana kama mtu anayeanguka. Nikairudisha ilivyokuwa, nikaichapisha, nikaitundika.

Siku ya dua mwongozaji naye alikuja. Aliketi nje na wanaume, chini ya turubai, kisha akaingia kutupa pole sisi wanawake, viatu mkononi. Wakati huo huo shangazi mmoja wa Bombo, ambaye macho yake hayaoni mbali, alikuwa amesimama mbele ya picha.

"Na huyu kijana aliyemshika vizuri hivi," aliuliza kwa sauti, "ni mjukuu yupi?"

Chumba kizima kilinigeukia. Nilimwona yule mtu mlangoni, na nikajua nimebakiwa na kimoja tu cha kumrushia.

"Huyo?" nikasema. "Huyo si mtu wetu. Ni dereva tu."

Aliweka viatu chini, akainamisha kichwa mbele ya shangazi kwa heshima. "Ni kweli, mama," alisema. "Ni mimi nilimpeleka." Alilisema kama mtu aliyepewa cheo, na shangazi akampa mkono, akamsogezea mahali pa kukaa. Hata hicho kidogo nilichokuwa nimejibakizia alinipokonya, tena ndani ya nyumba yetu.